Nani Kauza Mlima?

Mlango ulifunguka, na aliyeingia alikuwa Papa Modeste mwenyewe.

Naam, yule yule. Wiki nzima mmenisumbua: nani yuko mlangoni, nani yuko mlangoni? Haya, ni yeye. Mvua inamchuruzika kwenye koti, mkononi kashika mfuko wa mikate ya kuwagawia wanachama kama afanyavyo kila mkutano. Na Jaffari bado amesimama mbele ya ukumbi wa parokia, pale Saint-Josse, maneno aliyoyasema hayajapoa mdomoni.

Aliyasema kwa Kifaransa, ili na Wabelgiji wasikie: « Il a vendu la colline. » Yaani mzee kawazunguka wenzake, kauza mlima.

Kama leo ndiyo umelishika gazeti hili kwa mara ya kwanza, sogea nikupashe upesi. Mlima wenyewe uko Auderghem, ukingoni mwa msitu. Ni mlima wa ski, lakini theluji yake ni ya uongo: umetandikwa mikeka ya plastiki yenye manyoya kama brashi, na watoto wanateleza juu yake hata wakati wa joto. Kampuni iliyouendesha ilifilisika, geti likafungwa, wajenzi wa maghorofa wakaanza kuumezea mate. Ndipo watu wa kawaida, Wakongo wa Kivu na majirani zao Wabelgiji, wakajikusanya, wakaunda ushirika, coopérative kama wanavyouita wenyewe, wakaununua. Walitaka jambo moja tu, mlima ubaki mlima.

Mwenyekiti wakamweka Modeste, mtu wa Bukavu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha mtambo wa kuvuta watu hadi kileleni tangu enzi za kampuni. Mkewe alishafariki. Ana mtoto mmoja tu, Rolande, muuguzi. Na Jaffari, kijana wa Tanga aliyekuja Ubelgiji kusoma mwaka jana, ni katibu wa ushirika na mchumba wa huyo Rolande. Siku moja kabla ya mkutano alimsikia mzee akizungumza na mdogo wake wa Bukavu kwenye simu, na alichokisikia hakikumpa usingizi.

Sasa turudi ukumbini, maana watu wanasubiri.

"Nani alisema vile?" Modeste aliuliza.

"Ni mimi, papa," Jaffari akajibu. "Nilikusikia kwenye simu. Sorry sana, lakini nilikusikia kwa masikio yangu."

Modeste alimtazama, wala hakuonekana kukasirika. Kisha akawageukia wanachama, akawapitia kwa macho mstari kwa mstari, polepole, kama mtu anayengoja kitu.

Aliyeinuka kwanza ni Maman Euphrasie, kiongozi wa kwaya. Huyu mama kala Noeli nyumbani kwa Modeste miaka nenda rudi. Mke wa Modeste alipokufa, yeye ndiye aliyemwosha.

"Modeste, unafanya sisi vile?" akasema. "Sisi tulitoa feza ya batoto yetu? Uko muizi. Kumbe uko muizi siku yote."

Ukumbi ukachemka. Mmoja akasema alishahisi. Mwingine akasema ndiyo maana mzee alikuwa haonekani siku za Ijumaa. Watu bwana, wakishapata mwizi, kila mtu anakumbuka kitu.

Hilaire, mweka hazina, akasimama. Tai shingoni, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Bon. Tusitukanane, tuko bantu ya Mungu. Tupige kura. Nani anataka Modeste atoke, na signature ya coopérative ikae kwangu, kwanza?"

Mikono ikapanda. Wabelgiji wakaiangalia mikono ya Wakongo, wakapandisha na yao. Rolande peke yake, kiti cha nyuma, alibaki amekumbatia mkoba wake.

Modeste aliweka mfuko wa mikate mezani. Akatoa funguo za geti mfukoni, akaziweka kando yake.

"Bado iko moto," akasema. "Mukule."

Akatoka. Hakujitetea hata kwa neno moja, na mimi niliyewaletea habari hii nilitamani nimshike koti nimrudishe.

*

Kwenye korido Hilaire alimkumbatia Jaffari.

"Umefanya jambo la kiume, mdogo wangu," akamwambia, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka ambacho hakikufanana na cha Mkongo mwingine yeyote mle ndani. "Wazee wengine tunawaheshimu mpaka wanatumaliza. Nenda kapumzike."

Jaffari hakujisikia kama mtu aliyefanya jambo la kiume. Alijisikia vibaya, na alipofika nje akajisikia vibaya zaidi, kwa sababu Rolande alikuwa amesimama kwenye mvua anamngoja.

"Rolande, nilisema ukweli tu."

"Usikanyage tena kwetu," Rolande akamwambia. "Na usinipigie."

*

Jumatatu asubuhi Jaffari alikuwa Gare du Nord akisubiri treni ya chuoni. Watu wa maofisini wanapita mbio kuelekea kwenye yale maghorofa yao ya vioo, kila mmoja na kahawa yake. Mara mtu akamvuta begi kwa nyuma.

Alikuwa Rolande. Amevaa sare ya kazini chini ya koti, na macho mekundu.

"Papa hakuli," akasema. "Jana mu misa hakuna hata moja alikaa karibu yake. Benchi nzima, yeye peke yake. Maman Euphrasie alimupita kama hamujue."

"Rolande, mimi..."

"Sikukuya kwa pole yako. Nataka kitu moja. Niambie maneno yake. Si yako. Si ya Français. Yenye alisema yeye, vile alisema."

Jaffari alifumba macho akayakumbuka. Yalikuwa hayajamtoka hata siku moja.

"Alisema: mulima nilishauza yote sasa, mpaka ku barabara. Bantu ya coopérative habajue."

Rolande alimsogelea.

"Alisema nilishauza, ao nilishauzisha?"

"Nilishauza."

"Uko sûr?"

"Nina hakika kabisa. Kwani kuna tofauti gani?"

Rolande alikaa chini. Palepale kwenye ngazi, watu wakawa wanamruka na mikoba yao.

"Jaffari. Maman Euphrasie akitoka ku marché, anasemaka nini?"

"Anasema ametoka kuuza samaki. Kila Jumamosi."

"Na samaki inakuwaka wapi?"

"Kwenye mfuko wake. Umejaa." Jaffari alisita. "Mimi siku zote nilidhani hajapata wateja."

Rolande alicheka kicheko kimoja kikavu, kisha machozi yakamtoka.

"Mwaka muzima unakula kwetu, unazania Maman Euphrasie iko na boutique. Kwetu kuuza ni acheter. Ni kupata kitu, unalipa, inakuwa yako. Ukiitoa kwa mwingine, njo unasema kuuzisha. Papa aliuza, Jaffari. Kwa Kiswahili yenu, alinunua."

Wasomaji wangu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, tulieni. Najua. Mngeyapata maneno ya mzee wiki iliyopita mngeshika vichwa mkanicheka. Ndiyo maana sikuwapa maneno yake, niliwapa tafsiri ya Jaffari tu, nanyi mkaimeza kama walivyoimeza wale wa ukumbini. Msinichukie. Hakuna aliyeniuliza.

Jaffari alikuwa amejishika kwenye reli ya ngazi.

"Alinunua nini sasa? Mlima si tayari ni wa ushirika?"

"Si yote. Chini, pale barabara inaingia, ni ya mémé."

Jaffari akakumbuka. Mguu wa mlima haukuwahi kuwa wa ushirika. Ulikuwa wa bibi kizee mmoja wa Kibelgiji, mjane wa mwenye mlima wa zamani, na mtambo wenyewe ulikuwa umesimama hapo. Bila kipande hicho hakuna njia ya kupanda. Bibi alikuwa akiwaruhusu kupita kwa hisani yake tu, na kuwauzia alikataa katakata. Alisema ushirika ni watu wengi wasio na uso, yeye hawezi kuongea nao.

"Kila Ijumaa Papa alikuwa anaenda kwake," Rolande akasema. "Anamukatia majani, anakunywa kahawa. Nilizania anamuhurumia tu."

"Hilaire," Jaffari akasema ghafla.

"Hilaire namna gani?"

"Kabla ya mkutano nilimweleza. Neno kwa neno, kwa Kiswahili, kama nilivyokwambia wewe sasa. Nilimwambia nitayasema hivyo hivyo mbele ya watu. Akaniambia, mdogo wangu, usiwachanganye Wabelgiji, sema kwa Kifaransa tu."

Waliangaliana.

"Hilaire alikulia Kigoma, mu camp ya bakimbizi," Rolande akasema taratibu. "Kiswahili ya kwetu anajua. Ya kwenu anajua."

Alitoa simu akampigia baba yake. Haikupatikana. Akapiga tena. Treni ya Jaffari ilikuja, ikafungua milango, ikaondoka bila yeye.

*

Walimkuta mlimani.

Funguo hakuwa nazo, lakini hakuzihitaji. Alikuwa amekaa chini kabisa, nje ya geti, mgongo umeegemea kibanda cha mtambo, kwenye kile kipande chake. Kando yake kulikuwa na mikeka minne mitano ya plastiki aliyokuwa ameanza kuipanga upya mwenyewe. Uso umekuwa wa kijivu. Mkono wa kulia uko kifuani, ndani ya koti.

Rolande hakulia. Alipiga magoti, akashika kifundo cha mkono wa baba yake, akasikiliza, akaita gari la wagonjwa kwa sauti ile ile anayotumia kazini. Jaffari alipiga magoti upande wa pili.

"Papa, nimekosea," akasema. "Wewe ulinunua. Mimi nilitafsiri kwa Kiswahili cha kwetu. Kwetu kuuza ni..."

"Ninajua kwenu ni nini," Modeste akasema. Alizungumza kwa shida, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Nilijua pale pale mu salle ya mukutano. Nilisikia vendu, nikajua kosa iko wapi."

"Sasa mbona hukusema? Neno moja tu, papa. Neno moja lingetosha."

"Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Mzee alifumba macho.

"Weye uko mugeni," akasema. "Sikukukasirikia. Lakini bale wengine. Bantu ya kwetu, luga moja, kanisa moja. Hakuna hata moja aliniuliza: Modeste, ulisema namna gani? Hata moja. Bangeuliza tu, ningejibu na tungecheka sana."

"Papa, usiongee," Rolande akasema.

"Nyumba ya Bukavu niliuzisha. Nikauza hii. Mémé alikatala jina ya coopérative, bon, niliweka yangu kwanza. Ilikuwa ya kubapatia siku ya ouverture, ya kufungua mulima, mbele ya batoto." Akapumzika. "Ni Hilaire peke yake nilimwambia. Nilitaka muntu moja ajue, kama ningekufa."

Rolande na Jaffari hawakuthubutu kutazamana.

"Utawapa mwenyewe, papa," Jaffari akasema. "Nitaitisha mkutano leo leo. Nitawaambia wote."

"Hapana," Modeste akasema.

Hawakujua alikuwa anakataa nini, mkutano au kuishi. Gari la wagonjwa lilifika likiwa linapiga king'ora katikati ya nyumba za watu wanaopenda utulivu, na majirani wawili wakatoka kuangalia. Mmoja wao alikuwa mwanachama. Alikuwa ameinua mkono kwenye ule mkutano wa Jumamosi. Alipoona ni nani aliye kwenye machela, alirudi ndani akafunga mlango.

*

Moyo ulisimama kabla ya saa za chakula cha mchana. Daktari alikuja mwenyewe kwenye korido, akaongea kwa upole, akauliza kama kuna swali. Rolande alisema hana swali. Alikuwa amewahi kuyasema maneno hayo hayo kwa watu wengine mara nyingi, akajua yanakoishia.

Jaffari alilia kama mtoto. Sitaki kumpamba, alilia mpaka wagonjwa wakamtazama.

Na nani anakuja kwenye korido ile, tai shingoni, ua jeupe mkononi? Hamna haja ya kunijibu.

"Pole sana, mutoto yangu," Hilaire akamwambia Rolande, akataka kumkumbatia. Rolande akarudi nyuma hatua moja.

Jaffari alimkamata koti.

"Ulijua maana yake. Nilikuletea maneno yake, ukajua maana yake, ukaniacha nikasimama pale."

"Niache koti," Hilaire akasema bila kupandisha sauti. "Mimi nilifungua mdomo wapi? Nani alisimama mbele? Nani alitafsiri? Waulize wote waliokuwepo watakwambia walimsikia nani."

Jaffari akaliachia koti. Ndicho kilichomuuma kuliko vyote: yule mtu alisema kweli. Hakuna uongo hata mmoja uliotoka kinywani mwa Hilaire siku ile.

Hilaire alinyoosha koti lake, akamgeukia binti wa marehemu.

"Donc, si siku ya kuongea mambo hii, ninajua. Lakini ile kipande ya chini, sasa ni yako, weye peke yako. Mulima bila chini hauna njia. Niko na bantu wanaweza kuitaka, na banalipa muzuri. Fikiria tu. Hakuna haraka."

"Acha ua kwa meza," Rolande akamwambia, "na uende."

*

Kilio kilikuwa nyumbani kwa Modeste, ghorofa ya tatu, Saint-Josse. Viti viliazimwa duka la chini. Sufuria za sombe na fufu zilipanda ngazi moja baada ya nyingine, na ukumbi mzima wa Jumamosi ulihamia kwenye vyumba viwili vile, Wakongo na Wabelgiji, wengine wakakaa mpaka kwenye ngazi.

Walikuja kwa aibu kidogo, wakijua walimwondoa mtu Jumamosi na Jumatatu kafa. Lakini walikuja na maelezo. Alikuwa na moyo mbovu, walisema. Dhambi inachosha mwili, walisema, tena hapo kwenye sebule yake, juu ya viti vyake.

Jaffari alisimama. Safari hii hakuomba ruhusa ya Hilaire, ambaye kwa bahati alikuwa na akili ya kutokuja.

"Jumamosi niliwapa tafsiri yangu," akasema. "Leo nawapa maneno ya Papa Modeste mwenyewe. Alisema: mulima nilishauza yote sasa, mpaka ku barabara."

Hakuhitaji kuongeza. Wabelgiji walibaki wanaangaliana, lakini upande wa pili wa chumba ulikufa ganzi. Kijiko cha mtu kiligonga sahani. Mzee mmoja alijishika kichwa akasema, "Aliuza," na aliyekaa karibu naye akarudia, "Aliuza," na neno likaenda mpaka kwenye ngazi, likageuza nyuso moja baada ya nyingine.

Maman Euphrasie alianguka. Si kukaa, kuanguka, kwenye zulia, kitenge kikamfunguka.

"Nilimuita muizi," akalia. "Mungu wangu, nilimuita muizi, na nilikula mikate yake."

Jamani, walivyolia. Nimeona misiba, lakini ule ulikuwa na kitu cha ziada, kila mtu analia na anaangalia pembeni kama mwenzake analia kumzidi. Wakaanza kusema mambo makubwa. Mlima uitwe Modeste. Picha yake iwekwe kwenye kibanda cha mtambo. Kwaya itunge wimbo. Kura ikapigwa hapo hapo, Hilaire atoke, sahihi irudi, na mikono ikapanda haraka, haraka zaidi hata kuliko ya Jumamosi. Hakuna aliyesema Hilaire aitwe kwanza asikilizwe. Sisemi alistahili. Nasema tu hakuna aliyesema.

Kisha Maman Euphrasie akajikusanya, akamshika Rolande mikono yote miwili.

"Mutoto yangu. Ile kipande ya papa utatupatia, hein? Ni njo yenye alitaka. Tutaichunga kama jicho."

Chumba chote kilimtazama binti. Nyuso zimelowa, zimejaa upendo, na naamini kwa dhati kwamba dakika ile walikuwa wanampenda kweli.

"Maman, kunywa chai yako," Rolande akasema. Akakusanya vikombe vitupu, akaenda jikoni.

Jaffari alimfuata. Alimkuta anaviosha, mgongo kwa mlango.

"Umesema vizuri," Rolande akamwambia. "Merci."

"Nilichelewa."

"Ee. Ulichelewa." Aliweka kikombe juu ya kitambaa, akachukua kingine. "Jaffari, ile kipande nitaiuza."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, Jaffari alitabasamu kidogo. Mwanafunzi mzuri alikuwa ameshika somo lake.

"Huwezi kukiuza, kimeshakuwa chako. Wewe mwenyewe umenifundisha. Kuuza ni kupata."

"Sisemi Kiswahili ya kwetu," Rolande akasema. "Nasema ya kwenu."

Maji ya bomba yaliendelea kutiririka. Jaffari aliyafunga yeye, kwa sababu Rolande alikuwa amesimama tu na kikombe mkononi.

"Kwa watu wa Hilaire?" akauliza. "Wataubomoa, Rolande. Watajenga maghorofa. Hilaire ndiye aliyemuua baba yako."

"Hilaire ni muntu mubaya, nilijua zamani. Lakini ile mikono mingi haikuwa ya Hilaire."

"Baba yako alitaka mlima ubaki."

"Baba yangu alitaka muntu moja amuulize." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikutetemeka. "Alibangoja mu salle, bote, na alibapenda bote. Njo vile walimufanya. Sasa banataka na kipande yake, na banalia juu yake ili niitoe upesi."

Sebuleni mtu alianzisha wimbo, na wengine wakaingia mmoja mmoja mpaka ukuta wa jikoni ukaanza kutetemeka. Maman Euphrasie alikuwa juu ya wote, sauti yake nzuri ile ile ya kila Jumapili.

"Walale leo, nitaongea nao taratibu," Jaffari akasema. "Tuwape siku chache."

Rolande alijifuta mikono, akamfungulia mlango wa sebuleni.

"Enda ubaambie sasa," akasema. "Jumamosi ulijua kubaambia."